Mali Bila Daftari: Duka la Familia Mbele ya Sheria, Kutoka Mahakama za Wenyeji hadi Mahakama ya Mwanzo

Anayepita Daraja Mbili, hapa Arusha, saa moja ya asubuhi atakuta fremu zikifunguliwa na watu wawili wawili. Mume anatoa magunia ya mchele na kuyaweka mlangoni. Mke anapanga sabuni na viberiti kwenye rafu. Mtoto aliyevaa sare ya shule anatumwa kutafuta chenji kwa jirani. Jioni mke ndiye anayehesabu mauzo, kwa sababu mume amekwenda kufuata mzigo Kilombero. Hali ni hiyohiyo kwenye cherehani, kwenye genge la mboga, kwenye mashine ya kusaga na kwenye meza ya mama lishe. Biashara ndogo ya mjini kwetu ni kazi ya kaya nzima.

Lakini leseni ina jina moja. Mkataba wa fremu una jina moja. Laini ya simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu swali hili: duka hili ni la nani? Wengine hujibu upesi kuwa ni la mwenye jina kwenye leseni. Wengine, hasa wasichana, hujibu kuwa ni la wote wawili. Majibu yote mawili yana ukweli kiasi, na yote mawili yanaweza kumfikisha mtu pabaya. Jibu la kisheria hutegemea lini swali limeulizwa: wakati wa amani, wakati wa deni, wakati wa talaka au wakati wa msiba. Sheria yetu inatoa majibu manne kwa duka lilelile.

Makala hii inaeleza tulifikaje hapo. Hoja yangu ni kwamba hali hii ina historia. Tangu utawala wa kikoloni, sheria ilitenganisha mambo ya nyumbani na mambo ya biashara, ikayapeleka kwenye mahakama tofauti na kuyapa kanuni tofauti. Uhuru uliunganisha mahakama. Kanuni ziliunganishwa nusu tu, na duka la familia limekaa juu ya ufa uliobaki.

Mahakama mbili, kaya moja

Kabla ya kuwepo hakimu yeyote katika miteremko ya Meru, migogoro ilikuwa na mahali pa kuamuliwa. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyeishi miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1963 kitabu kinachoeleza jinsi walivyomaliza mashauri yao. Kila upande ulikuja na watu wake, wa ukoo au wa rika, na wasemaji wenye heshima, wale tunaowaita malaigwanani, waliongoza majadiliano hadi pande zote zikapata jambo zinaloweza kuishi nalo. Aliona kuwa watu wengi waliupenda utaratibu huo kuliko mahakama zilizowekwa na serikali. Hatuna haja ya kuupamba. Mwenye ndugu wengi na wasemaji hodari alikuwa na nguvu kuliko asiye nao, na mwanamke alitegemea sauti ya wanaume wa kwao. Lakini utaratibu huo haukuitenga mali ya kazi na mali ya nyumba. Shamba, ng'ombe na ndoa vilizungumzwa katika kikao kimoja.

Waingereza ndio walioleta mgawanyo. Amri ya Baraza la Mfalme ya mwaka 1920 ilileta Tanganyika sheria ya Uingereza pamoja na baadhi ya sheria za India, na mikataba ya biashara ikaongozwa na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Wenyeji wakapewa mahakama zao. Sheria ya mwaka 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya watawala, si chini ya majaji: rufaa ilikwenda kwa maofisa wa wilaya na wa jimbo, na juu kabisa kwa gavana. Ndoa, mahari, urithi na mipaka ya shamba yalikuwa mambo ya mila, na mila ilisemwa na wazee waliotambuliwa na serikali. Mkataba, kampuni, benki na hati ya ardhi yalikuwa mambo ya sheria.

Mwenyeji aliyetaka kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili alikuta njia imezibwa. Sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji ilisema kwamba deni ambalo asiye mwenyeji alimkopesha mwenyeji lisingeweza kudaiwa mahakamani bila kibali cha serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya wadanganyifu. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumkopesha mzigo Mwafrika mwenye duka la rejareja. Hivyo mfanyabiashara wetu wa kwanza alianza kwa mtaji wa nyumbani: ng'ombe aliyeuzwa, kahawa ya shamba la familia, akiba ya mke. Biashara ilizaliwa ndani ya kaya kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa.

Watu wa Meru hawakuwa wajinga wa sheria. Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, walijipanga, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Ardhi haikurudishwa wakati huo. Lakini tukio hilo lilifundisha jambo ambalo kizazi chetu kimelisahau: kwamba sheria ni uwanja wa siasa, na mtu wa kawaida anaweza kuingia uwanjani akiwa na hoja na karatasi zake. Tunaikumbuka kesi hiyo kwa ardhi na kwa uhuru wa taifa. Kesi za mlangoni, za jiko na kaunta, hazikupata Kirilo wao.

1963 na 1971: uhuru unaingia sebuleni

Serikali ya uhuru ilifanya kazi kubwa kwa haraka. Mwaka 1963 machifu waliondolewa madarakani kisheria. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyofuta mahakama za wenyeji na kuunda ngazi moja kwa raia wote: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo ilitumia Kiswahili, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Kwa mara ya kwanza muuza nyanya na mwenye duka la jumla waliweza kusimama mbele ya hakimu mmoja.

Lakini mwaka huohuo wa 1963 matangazo ya serikali yaliandika na kuunganisha sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi iliyotokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa Hans Cory, mtaalamu aliyekuwa akiitumikia serikali ya kikoloni. Katika kanuni za urithi, warithi waliwekwa katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, kisha watoto wengine wa kiume, kisha watoto wa kike. Mjane mwenye watoto hakupewa fungu lake mwenyewe. Matunzo yake yaliachwa mikononi mwa watoto wake. Kanuni zilizokuwa zikijadiliwa na kubadilika vikaoni ziligandishwa kwenye karatasi.

Tendo lililofuata lilikuwa la ujasiri. Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wa mwaka 1969 kuhusu sheria moja ya ndoa, na baada ya mabishano makali Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Sehemu kubwa ya mawazo yake ilitoka kwenye tume ya Kenya iliyofanya kazi miaka ya 1967 na 1968. Kenya yenyewe iliukataa mswada wake mara kadhaa na haikupata sheria moja ya ndoa hadi mwaka 2014.

Sheria hiyo haihusu Zanzibar, lakini Tanzania Bara iliziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali. Ilisema mke ana haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Ilikataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Katika kifungu cha 114 iliipa mahakama uwezo wa kugawa, wakati wa talaka au kutengana, mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida yao wote.

Lakini kifungu cha 60 kinasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itadhaniwa kuwa ni yake peke yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Hapo ndipo swali letu la duka linapokaa. Jina linashinda hadi kazi ithibitishwe. Na kazi ya mke dukani haina risiti.

Bi Hawa alishinda hoja, akashindwa kesi

Kwa miaka kumi na miwili majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika kuhusu maana ya maneno "juhudi za pamoja". Wengine waliyasoma kwa ufinyu: asiyeleta fedha hakuchangia mali. Wengine waliyasoma kwa upana: aliyepika, aliyelea na aliyetunza nyumba alimwezesha mwenzake kutafuta. Mwaka 1983 suala hilo lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na hukumu ikatolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali.

Kila mwanafunzi wa sheria anaijua sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo. Mahakama ilisema Sheria ya Ndoa ilitungwa kuondoa unyonywaji wa wanawake walioolewa, na kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli zake za kiuchumi. Kwa hiyo kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Hukumu hiyo imeandikwa na kurudiwa katika maelfu ya kurasa, na inastahili.

Sehemu ya pili haisomwi sana. Ilionekana kwamba wakati wa ndoa mume alimpa Bi Hawa fedha za kuanzishia biashara, na Mahakama ikaona kuwa alizitapanya. Mwenendo huo, ilisema, ulilimaliza fungu ambalo angestahili. Kanuni ikashinda, na mwanamke aliyeileta mahakamani akatoka bila kitu.

Nimekuwa nikiitafakari sehemu hiyo kwa miaka. Mradi mdogo wa mwanamke mjini Dar es Salaam, mwanzoni mwa kipindi kigumu cha uchumi, bidhaa zikiwa za foleni na ulanguzi, uliweza kufa kwa sababu mia moja. Je, ni mume gani aliyepata hasara ya biashara akaambiwa kwamba ameshakula fungu lake la nyumba? Simaanishi kwamba majaji walikosea kuupima ushahidi. Wao waliuona, mimi sikuuona. Ninachosema ni kwamba hukumu ileile iliyoithamini kazi ya jikoni iliipima biashara ndogo kwa kipimo kikali sana, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu hapakuwa na hesabu zilizoandikwa za kumtetea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Bi Hawa lilipotea fungu la nyumba pia.

Tangu hapo hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani zimesisitiza jambo moja: kuchangia ni jambo moja, na kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe. Anayetaka fungu la duka lazima aonyeshe alifanya nini humo, lini, na kwa faida gani.

Hapa nitaje imani moja inayowaumiza wengi, hasa wapangaji wa vyumba katika kata kama Daraja Mbili, ambako vijana huanza maisha kwa kuhamia pamoja na kufungua kibanda. Watu husema ukiishi na mtu miezi sita, huyo ni mkeo. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 160 kinasema miaka miwili au zaidi, na lazima jamii iwatambue kuwa mume na mke. Na hata hapo ni dhana tu, inayoweza kupingwa. Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba hata dhana hiyo ikivunjwa, mahakama bado inaweza kugawa mali iliyopatikana wakati wa kuishi pamoja. Ni kinga muhimu, lakini nayo ni ya anayeweza kuthibitisha.

Mtalaka ana kifungu, mjane ana kikao

Ajabu kubwa ya sheria yetu inaonekana kifo kinapokuja. Kifungu cha 114 kinazungumzia talaka na kutengana. Hakimtaji mjane wala mgane. Mwanamke aliyegombana na mumewe hadi wakaachana anaweza kuomba sehemu ya duka kwa sababu ya kazi yake. Mwanamke aliyevumilia, akamuuguza mumewe na kumzika, anaingia katika sheria ya mirathi, na mirathi yetu haijaunganishwa. Kuna ya kimila, kuna ya Kiislamu, na kuna inayofuata sheria ya India ya 1865. Ipi itumike? Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi. Kwa mkazi wa mjini aliyebatizwa, aliyetoa mahari kwa mila na aliyezikwa kijijini kwao, swali hilo linaweza kula miaka. Kuna mashauri yanayofika juu kisha yakafutwa yote, kwa kuwa yalifunguliwa kwenye mahakama isiyo na mamlaka.

Tufuate njia ya duka. Baada ya matanga ukoo unakaa. Muhtasari wa kikao unaandikwa, jina la msimamizi wa mirathi linapendekezwa, mara nyingi kaka wa marehemu. Jina linapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa, asipopinga mtu anateuliwa. Wakati huo akaunti ya benki imefungwa, leseni ina jina la marehemu, mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita, na wenye mzigo wa mkopo wanapiga simu. Mjane anajua nani anadai na nani anadaiwa. Msimamizi hajui, lakini yeye ndiye mwenye barua ya mahakama.

Sheria inamfunga msimamizi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za mwaka 1971 za Mahakama za Mwanzo zinamtaka, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni pamoja na hesabu za mgawanyo. Msimamizi si mrithi kwa sababu ya cheo chake, wala si mmiliki. Mwenye maslahi anaweza kuomba aondolewe. Mali nyingi hupotea katika pengo kati ya kanuni hiyo na mazoea, kwa kuwa wajane wengi hawajui kwamba wana haki ya kuuliza, na wanaojua huogopa kuitwa wachawi wa mume.

Mahakama zimewahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, alitumia Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume. Hukumu hiyo ilitufanya wengi tuamini kwamba kanuni za 1963 zimefikia mwisho. Hazikufika. Tume ya Kurekebisha Sheria ilitoa mapendekezo kuhusu ndoa na mirathi katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo hatuna sheria moja ya mirathi.

Ridhaa inayolinda nyumba na kuliacha duka

Wakati wa deni jibu la nne hutolewa. Nyumba ya ndoa ina ulinzi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinahitaji ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila ridhaa hiyo, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama mkopaji ana mwenzi. Mwenzi anaweza pia kuweka zuio kwa msajili wa hati. Watumishi wa benki wanalijua sharti hili, ndiyo maana huomba kiapo na sahihi ya mke.

Lakini familia nyingi za Daraja Mbili hazina nyumba yenye hati. Zina chumba cha kupanga na fremu ya kupanga. Mali yao ni friji, cherehani, pikipiki, mashine ya kusaga na mzigo uliomo ndani. Vitu hivyo si nyumba ya ndoa. Mume anaweza kuviandikisha dhamana ya mkopo wa wiki nane bila mke kujua, na mke vivyo hivyo. Anayekuja kugonga asubuhi hachukui chombo cha aliyekopa. Anachukua chombo kinacholisha watoto. Mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu huishi hapo, mahali ambapo sheria ya familia imeishia na sheria ya biashara haijali kama mkopaji ana familia.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaleta wakopeshaji hawa chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na ikavitambua hata vikundi vya kijamii kama VICOBA. Ni hatua ya maana. Lakini sheria hiyo humtazama mkopaji kama mtu mmoja mmoja, kana kwamba friji la duka lina mwenyewe mmoja.

Mgawanyo wa kikoloni, basi, haukufa. Wakati wa amani, duka ni la mwenye leseni. Wakati wa deni, ni la mkopeshaji, na mwenzi haulizwi. Wakati wa talaka, linaweza kuwa la wote, kwa ushahidi. Wakati wa msiba, linakwenda kwenye kikao.

Yanayowezekana

Majirani zetu wametuonyesha kwamba maneno machache ya sheria yanaweza kufanya kazi kubwa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013, inapoeleza maana ya mchango, imetaja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba na usimamizi wa biashara ya familia. Imelitaja duka waziwazi. Haikumaliza ubishi: Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, na kila mmoja athibitishe mchango wake. Lakini mke wa Nakuru anaanza kesi akiwa na neno la sheria mkononi. Mke wa Arusha anaanza na hukumu ya 1983.

Bunge letu linaweza kuongeza maneno kama hayo kwenye kifungu cha 114. Linaweza kusema kwamba mwenzi anapofariki, fungu la aliyebaki litengwe kwanza kwa sababu ya kazi yake, na kinachobaki ndicho kiitwe mirathi. Linaweza kuwataka wakopeshaji wadogo wapate ridhaa ya mwenzi kabla ya kupokea zana za kazi za familia kuwa dhamana. Mambo haya matatu hayahitaji fedha nyingi.

Najua pingamizi. Wengine watasema kuandikiana mali kunaleta shaka katika ndoa, na kwamba anayehesabu ameanza kuondoka. Siupuuzi wasiwasi huo. Ndoa si kampuni. Lakini katika mashauri ya mirathi niliyoyasoma, aghalabu si maandishi yaliyowagombanisha watu. Waligombana kwa sababu hayakuwepo, na kila upande ukaapa kwa kumbukumbu yake. Wazee wa vikao vya zamani walijua hili, ndiyo maana walikusanya mashahidi wengi wakati wa kupokea ng'ombe wa mahari. Shahidi wa leo ni daftari.

Wanaharakati na watumishi wa umma wana kazi ya kufanya kabla Bunge halijaamka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya msaada wa kisheria iliyobeba jina la Rais Samia imekuwa ikizunguka mikoani tangu 2023. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huohuo mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuhukumu migogoro ya ardhi yakabakiwa na usuluhishi. Mwananchi anahitaji kuelezwa mabadiliko hayo sokoni, si ukumbini. Ofisa biashara anayempokea mwombaji wa leseni anaweza kumuuliza kama ana mwenzi anayefanya naye kazi, na kumweleza kwamba jina la biashara linaweza kusajiliwa kwa watu wawili wakiwa wabia. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anaweza kumwita msimamizi wa mirathi miezi minne inapokwisha, bila kungoja mjane apate nauli na ujasiri.

Na wewe msomaji mwenye duka, au uliyesomeshwa na duka la mama yako, nunua daftari la kurasa mia mbili. Ukurasa wa kwanza andikeni mtaji ulitoka wapi: kiasi gani cha mume, kiasi gani cha mke, kiasi gani cha mkopo wa kikundi. Andikeni tarehe, wekeni sahihi wote wawili. Kila chombo kinaponunuliwa, risiti ibandikwe humo. Wadeni na wadai waandikwe majina. Kisha daftari hilo likae mahali ambapo wote wawili wanapajua. Mkifika mahakamani siku moja, Mungu apishe mbali, hakimu hatategemea kiapo pekee. Na msipofika kamwe, mtakuwa mmejua faida yenu.